Kumchagua Mpasuaji si Kumkosea Mungu

Imam Malik, mwanachuoni wa Madina aliyefariki mwaka 795, amesimulia katika Muwatta habari ya mtu aliyejeruhiwa zama za Mtume Muhammad. Damu ilivilia ndani ya jeraha, na mgonjwa akawaita watu wawili wa kabila la Banu Anmar waje kumwangalia. Mtume akawauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi katika utabibu. Wao wakashangaa: kwani utabibu una heri yoyote? Akawajibu kwamba aliyeteremsha ugonjwa ndiye aliyeteremsha na dawa.

Karne nyingi baadaye mwanachuoni Ibn Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, alichukua funzo katika kisa hicho: katika kila fani, mtu amtafute aliye stadi kuliko wenzake. Aliyeuliza swali lile hakuna Mwislamu anayeweza kutilia shaka imani yake, na bado hakuwaambia wale wawili kwamba yeyote atakayeanza, Mungu atamaliza. Aliuliza kwanza, ndipo akamtaja Mungu.

Kiambi iko kando ya Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru na kwenda kumwaga maji yake katika Lualaba pale Ankoro, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo. Swali la namna ile likiulizwa huko litasikika geni. Anayefika hospitali ya zoni ya afya hamchagui munganga, yaani daktari. Anampokea aliyepo, na kumshukuru Mungu kwamba yupo. Ndugu wakianza kuulizana kama mgonjwa apelekwe Manono, Kalemie au Lubumbashi, hakosekani wa kuwakumbusha kwamba munganga mkubwa ni Mungu, na mikono yote ni yake. Watu wa pwani nao wana onyo lao: mchagua nazi hupata koroma. Kwa hiyo kuchagua huonekana kiburi, na kukubali huonekana imani.

Fikra hiyo ina unyenyekevu ndani yake, na unyenyekevu ni jambo jema. Lakini katika upasuaji inaweza kumwacha mtu kiwete. Anayeuliza uzoefu wa mpasuaji hapungukiwi na imani; anatimiza wajibu ambao imani yenyewe imemwekea. Na pale ambapo mgonjwa hana nafasi ya kuchagua, wajibu huo haufutiki. Unahama, unakwenda kukaa juu ya mabega ya yule anayeshika kisu.

Mgongo ndio unaoonesha jambo hili waziwazi kuliko kiungo kingine.

Skoliosi ni kupinda kwa uti wa mgongo kwenda upande huku pingili zikijisokota. Ukubwa wake hupimwa kwa pembe inayochorwa juu ya picha ya eksirei, kwa njia aliyoieleza mpasuaji Mmarekani John Cobb mwaka 1948. Kuanzia nyuzi 10 mgongo huhesabiwa kuwa na skoliosi; kwa vijana, upasuaji huanza kuzungumzwa pembe inapokaribia nyuzi 50. Paul Harrington wa Houston, aliyewahudumia watoto waliopindishwa na polio, ndiye aliyeeneza matumizi ya fimbo ya chuma ya kunyoosha mgongo, na mwaka 1962 akachapisha matokeo yake. Fimbo ile iliwasaidia watu wengi mno. Lakini ilipofika chini hadi kiunoni ilifuta mbinuko wa asili wa sehemu hiyo, na miaka mingi baadaye baadhi yao walijikuta wameinama mbele, hawawezi kusimama wima bila kukunja magoti. Wagonjwa hao ni miongoni mwa waliowafundisha madaktari uzito wa upasuaji wa marudio.

Mpasuaji wa mara ya pili haukuti mwili uleule. Alama za mifupa zilizomwongoza mwenzake zimekatwa au zimefunikwa na mfupa mpya. Kovu limegandamana na utando unaofunika mishipa ya fahamu, na kulibandua kunaweza kuuchana utando huo. Huenda skrubu za zamani zimelegea. Huenda fimbo imevunjika kwa sababu pingili hazikuwahi kuungana, au vijidudu vimejificha juu ya chuma kwa miaka bila kujulikana. Wakati mwingine mfupa uliounganika vibaya hulazimika kukatwa upya sentimita chache tu kutoka kwenye mishipa ya fahamu, kwa ukataji wa aina aliyoieleza mpasuaji Smith-Petersen mwaka 1945, au kwa aina nzito zaidi zilizokuja baadaye. Damu nyingi hutoka, na kosa dogo linaweza kumnyima mtu miguu yake. Fundi cherehani anajua kwamba kufumua nguo iliyoshonwa vibaya na mwingine ni kazi kuliko kushona mpya, na yeye anashika kitambaa tu.

Kazi ya namna hii haifanyiki katika hospitali ya Kiambi. Daktari wa zoni ya afya huko Kongo ni mtu wa kazi nyingi: anapasua wajawazito walioshindwa kujifungua, anashona ngiri, anaondoa kidole tumbo, na mara nyingi anafanya hayo usiku kwa taa hafifu. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini kuupanga upya mgongo ulio na vyuma ndani yake ni fani nyingine, na hodari wa ile anaweza kuwa mgeni kabisa katika hii.

Wakristo nao wana maandiko yao juu ya jambo hili. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki wanakihesabu ndani ya Biblia, sura ya 38 inafundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na kutozidharau dawa zitokazo katika ardhi. Mgonjwa anaambiwa asali, aache dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake. Halafu linakuja jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: tabibu naye anasali, akimwomba Mungu amfanikishe kuutambua ugonjwa na kuuponya. Sala ya mgonjwa haikuchukua nafasi ya ustadi wa tabibu, wala ustadi wa tabibu haukuiondoa sala yake mwenyewe.

Vyumba vya sala vimejaa katika miji ya Kongo, na wanaokwenda humo si wajinga. Wengi wamekwenda kwa sababu hospitali ilikuwa mbali au ghali, au iliwahi kuwaumiza. Mtoto ambaye mgongo wake umeanza kutoka upande huombewa, na pengine huulizwa ni nani ndani ya ukoo aliyemroga. Hayo yana gharama moja isiyosemwa: wakati. Mgongo wa mtoto hupinda kwa kasi zaidi katika miaka anayorefuka haraka, na mwaka mmoja wa kungoja unaweza kuigeuza kazi ndogo kuwa kazi kubwa. Mchungaji anayewaombea watoto hawa ndiye mtu wa kwanza anayeweza kusema: tutasali leo, na kesho mtoto aende akapigwe picha.

Tena uchaguzi si jambo geni katika mila za Kongo. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia John Janzen alichapisha utafiti wake kuhusu safari za kutafuta tiba katika Zaire ya Chini, eneo la Kongo lililo upande wa bahari. Alieleza jinsi ndugu wa mgonjwa walivyokaa pamoja, wakajadili ugonjwa, wakaamua aende kwa nani, na akishindwa huyo apelekwe kwa nani mwingine. Mgonjwa hakuachwa peke yake na uamuzi. Ndugu ndio waliopima ni mganga yupi anayefaa. Kikao cha namna hiyo ndicho kinachohitajika mbele ya mpasuaji. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuyapeleka maswali yaleyale mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Hapa linazuka tatizo ambalo Plato aliliona zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita. Katika mazungumzo yake yaitwayo Gorgias, msemaji maarufu anajivuna kwamba alikwenda pamoja na ndugu yake, ambaye ni tabibu, kwa mgonjwa aliyekataa kukatwa. Tabibu alishindwa kumshawishi, yeye akaweza kwa ufundi wa maneno tu. Anaendelea kudai kwamba tabibu na msemaji wakishindania kazi ya utabibu mbele ya umati, msemaji ndiye atakayechaguliwa. Sokrates anambana: basi asiyejua anawashinda wanaojua, mbele ya wasiojua. Swali hilo bado lina makali. Familia isiyosoma udaktari itamtambuaje stadi wa kweli? Kwa ukarimu wa maneno yake? Kwa jengo zuri? Kwa vyeti ukutani?

Utafiti wa miaka ya karibuni umetoa sehemu ya jibu. Mwaka 2013 John Birkmeyer na wenzake walichapisha utafiti wa wapasuaji 20 wa jimbo la Michigan, Marekani, waliofanya upasuaji wa tumbo kwa watu wenye unene uliopita kiasi. Kila mmoja alitoa video ya kazi yake, na wapasuaji wenzao wakaitazama bila kuambiwa ni ya nani na kuipa alama. Wagonjwa wa robo iliyopata alama za chini walipata matatizo kwa asilimia 14.5, wa robo ya juu, asilimia 5.2. Na waliopata alama za juu walikuwa pia wanafanya upasuaji huo mara nyingi zaidi. Tumbo si mgongo, lakini funzo linavuka: mikono inatofautiana, na tofauti hiyo inaonekana katika mwili wa mgonjwa. Mvi hazitoshi kuwa ushahidi. Swali lenye maana ni mara ngapi mpasuaji huyu amefanya upasuaji huuhuu, katika miaka ya karibuni, na waliotoka mikononi mwake wako wapi leo.

Lakini maswali hayo yanamfaa mwenye njia mbele yake. Mama wa Kiambi ambaye mvua imemfungia barabara atamuuliza nani?

Hapo wajibu unahama. Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki kina kifungu ambacho tabibu anaahidi kutowakata wenye mawe ya kibofu, bali kuwaachia watu wa kazi hiyo. Kiapo hicho, kati ya ahadi nzito kuhusu uhai na siri za wagonjwa, kimeweka ahadi ya kutambua mpaka wa mikono yako. Uislamu unalo funzo hilo pia: imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, atawajibika kwa madhara. Dhamana imewekwa kwa anayetibu. Mgonjwa hakuambiwa kwamba alipaswa kujua.

Mfano wa mtu aliyeujua mpaka huo upo Addis Ababa. Rick Hodes, Mmarekani na Myahudi mshika dini, alikwenda Ethiopia mara ya kwanza wakati wa njaa ya 1984, kisha akarudi kuishi huko. Katika nyumba ya masista wa Mama Teresa alikuta watoto ambao migongo yao imekunjika, wengine kwa skoliosi, wengine kwa kifua kikuu cha mifupa. Yeye ni tabibu wa magonjwa ya ndani, si mpasuaji, na hakujaribu kuwa mpasuaji. Alipima, akapiga picha, akaandika barua, akatafuta fedha, na tangu 2006 akawa anawapeleka watoto hadi Accra, Ghana, kwa mpasuaji Oheneba Boachie-Adjei.

Boachie-Adjei alizaliwa Kumasi, akaenda Marekani mwaka 1972, akapanda hadi kuongoza idara ya skoliosi katika Hospital for Special Surgery ya New York. Mwaka 1998 alianzisha taasisi ya FOCOS, na mwaka 2012 hospitali yake ikafunguliwa pembeni mwa Accra. Huko mtoto mwenye mgongo uliopinda vibaya sana hakimbizwi chumba cha upasuaji. Huvalishwa pete ya chuma kichwani, akavutwa polepole kwa uzito kwa wiki nyingi, hata miezi, mpaka mgongo na mapafu yawe tayari kwa kisu. Masista Wakatoliki, tabibu Myahudi na mpasuaji wa Kighana wamewahudumia watoto wa dini mbalimbali, na kila mmoja amebaki katika kazi anayoiweza.

Kongo nayo inao mfano wake. Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Fistula anayoitibu, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, inafanana na mgongo kwa jambo moja: upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu, na kila jaribio lililoshindwa linaacha kovu linalomzuia anayefuata. Katika majeraha magumu zaidi, Mukwege, ambaye dunia nzima inamwita bingwa, amefanya kazi bega kwa bega na Guy-Bernard Cadière wa Brussels, stadi wa kupasua kwa kamera kupitia matundu madogo. Bingwa huyo hakuona aibu kumwita mwenzake mezani.

Pingamizi kubwa limebaki. Kila mgonjwa akimkimbilia mzoefu, mwanafunzi atajifunza juu ya nani? Na wazoefu wa leo wakifa, kesho atapasua nani?

Historia imewahi kulijibu swali hilo kwa ukatili. Katika Alabama ya miaka ya 1840, J. Marion Sims alijifunza kushona fistula juu ya miili ya wanawake watumwa: Anarcha, Lucy, Betsey na wengine ambao majina yao hayakuhifadhiwa. Anarcha peke yake alipasuliwa mara zipatazo 30, bila dawa ya usingizi. Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani kuu ya New York mwaka 2018, mwaka uleule alioheshimiwa Mukwege. Njia ile ilimfanya asiye na uwezo wa kukataa kuwa daftari la kujifunzia, na hakuna dini inayoweza kuibariki.

Njia nyingine ilipatikana Ethiopia. Mamitu Gashe alifika Addis Ababa mwaka 1962 akiwa msichana wa kijijini, asiyejua kusoma, mwenye fistula baada ya uzazi uliomtesa kwa siku kadhaa. Madaktari Catherine na Reginald Hamlin walimpasua zaidi ya mara moja. Akabaki hospitalini, akaanza kwa kutandika vitanda, akaingia chumba cha upasuaji kupokeza vifaa, akasimama kando ya walimu wake miaka mingi, hadi akashika kisu mwenyewe, na baadaye akawa anawafundisha madaktari waliotoka ng'ambo. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza kiliwapa nishani ya dhahabu, yeye pamoja na walimu wake. Hakuna mgonjwa aliyelazimika kuachwa peke yake na mwanafunzi ili Mamitu awe bingwa. Mikono ya mwalimu ilikuwapo pembeni.

Ndivyo chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinavyowalea wanafunzi wake: chini ya msimamizi, kwa kuandika kila upasuaji walioufanya. Mpasuaji mwenye daftari la namna hiyo hana sababu ya kukasirika akiulizwa amepasua mara ngapi. Anaweza kulifungua.

Kwa watu wa Kiambi, kutokuwa na chaguo ni urithi wa historia. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 haikuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Kwa miaka mingi utawala wa Kibelgiji uliwaruhusu kufika kwenye usaidizi wa tabibu tu. Jason Sendwe, kiongozi wa Waluba wa Katanga aliyeuawa Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1964, alikuwa mmoja wa wasaidizi hao kabla ya kuingia siasa. Leo hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina lake. Uchache wa madaktari ulipangwa na watu. Kumbebesha Mungu jambo lililofanywa na watu ni kumsingizia.

Kwa hiyo familia yenye mtu aliyewahi kupasuliwa mgongo na sasa anaumwa tena isione haya. Itunze picha zote za zamani na karatasi inayoeleza vyuma vilivyowekwa. Imuulize daktari kwa heshima: Dokta, upasuaji wa marudio wa namna hii umefanya mara ngapi? Nani atasimama nawe mezani? Damu ipo? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi? Wakati wa upasuaji mtajuaje kama miguu inafanya kazi? Swali la mwisho lina jibu hata pasipo mashine za gharama: tangu 1973 inajulikana njia iliyochapishwa na wapasuaji wa Ufaransa, ya kumzindua mgonjwa katikati ya kazi na kumwambia asogeze vidole vya miguu.

Na daktari wa zoni ya afya anapomwona mtoto ambaye bega moja limepanda na ubavu mmoja umetokeza, aandike barua ya rufaa siku hiyohiyo. Kalemie iko kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo yake ni Kigoma, na reli ya Kigoma inafika Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inapasua migongo. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama ambayo familia moja haiwezi kuibeba. Parokia, misikiti na makanisa ya jimbo la Tanganyika yanachangisha kwa ajili ya mazishi. Yachangishe pia nauli ya mtoto mmoja, akafike kwa mpasuaji mzoefu mara ya kwanza, kabla hajahitaji kupasuliwa mara ya pili.